Delamere Alipofika Tukuyu

Oktoba 1925, mji mdogo wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, ulipokea wageni wa aina ambayo haukuizoea. Walikuwa walowezi wa Kizungu. Baadhi walitoka Kenya, baadhi Nyasaland, wengine Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walikuwa wa Tanganyika hiihii. Hawakuitwa na gavana wala na waziri yeyote wa London. Aliyewaita alikuwa mtu mfupi mwenye nywele nyekundu na mguu uliochechemea, mkulima wa ngano, mfugaji wa kondoo, mwenye kinu cha unga, kiongozi wa wajumbe wa Kizungu katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Jina lake Hugh Cholmondeley, lakini dunia ilimjua kwa cheo alichorithi: Lodi Delamere.

Walichokuja kuzungumza kinatuhusu sana sisi wa Iringa na Mbeya, ingawa hakuna aliyewauliza wazee wetu. Walitaka kuziunganisha nchi zote zilizo kati ya Nairobi na mto Zambezi ziwe eneo moja, lenye siasa moja, chini ya walowezi. Tukuyu ilifaa kwa mkutano kwa sababu mipaka ya Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini iko karibu. Ilifaa pia kwa sababu nyingine, nzito zaidi: nyanda za Iringa, Njombe, Mbeya na Rungwe zilikuwa ndizo kiungo kilichokosekana. Ukichora mstari wa ardhi zenye mwinuko na ubaridi kutoka Nakuru hadi Salisbury, mstari huo unapita hapa. Bila hapa, unakatika.

Kumwelewa mtu aliyefika Tukuyu na hoja hiyo, inabidi kurudi nyuma, kwenye mashamba yake, kwa kuwa siasa yake ilizaliwa humo.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870, katika ukoo wa mabwana wa ardhi huko Cheshire, Uingereza, kwenye jumba lililoitwa Vale Royal. Baba yake alifariki mwaka 1887, naye kijana wa miaka 17 akarithi cheo, jumba na mashamba. Kwa kuzaliwa tu, akawa na haki ya kuketi katika Baraza la Malodi atakapokuwa mtu mzima. Hakuitamani sana haki hiyo. Alichopenda ni kuwinda. Kuanzia mwaka 1891 alikwenda Somalia mara kwa mara kuwinda simba, na mwaka 1894 simba mmoja akamkamata mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvaa mnyama yule kwa mikono yake. Delamere alichechemea maisha yake yote. Nalitaja jina la Abdullah Ashur kwa makusudi. Historia ya walowezi imejaa watu wa namna yake, waliookoa maisha ya wakubwa kisha wakaachwa mwisho wa sentensi.

Desemba 1896 Delamere aliondoka Berbera na msafara wa ngamia, akavuka nyika hadi nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Kenya, akaingia huko mwaka 1897. Aliona majani mabichi, mito, ubaridi wa asubuhi, na ardhi ambayo kwa macho yake ilikuwa haina mwenyewe. Hapo ndipo palipoanza kosa lake kubwa. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe: Wamasai walikuwa wametoka tu katika miaka ya tauni ya ng'ombe, ndui na vita vya wao kwa wao, na malisho yao yalikuwa yanangojea mifugo iongezeke tena. Mgeni aliyepita aliona nchi tupu. Mwenyeji aliona nchi inayopumzika.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, na mwaka 1903, reli ya kutoka Mombasa ikiwa imekwisha kufika ziwa Viktoria, wakahamia moja kwa moja. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikihangaika kupata mizigo ya kuilipia reli hiyo ghali, ilimpa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka na sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza eneo ndani ya miaka mitano. Aliliita shamba la Ikweta.

Kilichofuata ni msiba juu ya msiba. Aliagiza kondoo wa aina ya merino kutoka ng'ambo, wakafa. Ardhi ya Njoro ilikosa madini ambayo mifugo inayahitaji, na Wamasai walikuwa wakijua hivyo, ndiyo maana hawakuyapenda malisho yale. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Aliagiza ng'ombe, wakashambuliwa na homa ya mapafu na ndigana. Akahamishia mifugo Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na Njoro akageukia ngano. Ngano ikapata kutu, ule ugonjwa unaoyageuza mashamba kuwa rangi ya chungwa kabla ya mavuno. Akamwajiri mtaalamu, akajenga maabara shambani, akachanganya mbegu mwaka baada ya mwaka mpaka ikapatikana ngano inayostahimili. Mwaka 1908 ilianzishwa kampuni ya kusaga, Unga Limited, ambayo jina lake bado limeandikwa kwenye mifuko ya unga madukani Kenya. Katika miaka ya 1920 alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha ushirika wa maziwa, Kenya Co-operative Creameries, uliosajiliwa mwaka 1925, mwaka uleule wa Tukuyu.

Ni lazima kusema ukweli huu juu yake: hakuwa mwoga wala mvivu, na hakuwa mtu wa kuvuna asichopanda. Fedha za Vale Royal zote zilimezwa na ardhi ya Bonde la Ufa. Aliweka rehani urithi wake, akakopa juu ya mkopo, akaishi miaka mingi katika nyumba ya nyasi na udongo wakati ambapo angeweza kukaa jumbani kwao. Wafugaji na wakulima wa ngano wa Kenya waliokuja baada yake, wa rangi zote, walikuta majaribio mengi yamekwisha kufanywa kwa gharama yake.

Lakini mtu aliyezika fedha zote ardhini hatulii. Biashara yake ilidai vitu ambavyo yeye peke yake asingeweza kuvinunua: reli kwa nauli nafuu, ardhi isiyoweza kunyang'anywa, na juu ya yote, mikono ya kufanya kazi kwa ujira mdogo. Hivyo vyote vilitoka kwenye sheria. Basi akaifuata sheria inakotungwa.

Aliongoza chama cha wakulima wa Kizungu tangu mwaka aliohamia. Kenya ilipopata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, gavana alimteua kuwa mmoja wa wajumbe wa kwanza wasio watumishi wa serikali. Hakudumu kwa amani. Machi 1908 aliongoza umati wa walowezi hadi nyumbani kwa Gavana James Hayes Sadler, kwa hasira juu ya kanuni za vibarua, wakimtaka gavana ajibu au aondoke. Alisimamishwa ujumbe. Baadaye akarudi, mwenye nguvu zaidi kuliko alivyotoka.

Siasa yake ilikuwa ya kihafidhina kwa maana kamili. Aliamini kwamba jamii huongozwa na wenye ardhi, kwamba wenye ardhi wanastahili kutunga sheria, na kwamba mpangilio alioukuta Uingereza ungeweza kupandikizwa Afrika, Mzungu akichukua nafasi ya bwana na Mwafrika nafasi ya mtwana. Mbele ya Tume ya Kazi ya mwaka 1912 na 1913 alieleza msimamo wake bila kuzungukazunguka: Mwafrika akibakizwa na ardhi ya kumtosha na mifugo ya kumtosha, hatakuja kufanya kazi ya Mzungu, kwa hiyo maeneo ya Waafrika yapunguzwe. Ni kauli iliyojaa ukatili, na inafaa kusomwa polepole. Alikiri kwamba watu walikuwa na maisha yao, kwamba hawakuhitaji mshahara wake, na kwamba njia ya kuwafanya wauhitaji ni kuwaondolea walichonacho.

Sheria zilizofuata zilikwenda njia hiyo. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya Kenya iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, na baada ya vita kuu ikaanza kutumika kikamilifu: kila mmoja alivaa kipande shingoni katika kikopo cha bati, na bila kipande hapiti. Kodi ikapanda. Machi 1922 watu walipokusanyika Nairobi kudai kiongozi wao Harry Thuku aachiwe, walipigwa risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza la hoteli jirani wakajiunga kupiga.

Mwaka 1920 Wazungu wa Kenya walipata uchaguzi. Wajumbe 11 walichaguliwa na Wazungu peke yao, na Delamere akachaguliwa kuwakilisha Bonde la Ufa. Kiti hicho hakukiachia mpaka kifo. Wahindi wa Kenya, ambao walikuwa wengi kuliko Wazungu na ambao mfanyabiashara wao A. M. Jeevanjee alikuwa ameingia barazani kwa kuteuliwa mwaka 1910, walidai daftari moja la wapiga kura. Walowezi wakakataa kwa ukali uliofika kwenye njama: walipanga kumteka gavana na kushika reli iwapo London ingekubali. Mwaka 1923 London ikatoa tamko maarufu la Devonshire. Wahindi hawakupata daftari moja, na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Lakini tamko hilo lilikuwa na maneno ambayo Delamere hakuyatarajia: kwamba Kenya kwanza ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao yakigongana na ya wageni, yao ndiyo yatangulie. Tamko halikuwapa Waafrika kiti hata kimoja. Mwaka 1924 aliwekwa mmishonari, Dakta John Arthur, awasemee. Hata hivyo maneno yalikwisha andikwa, na Delamere alikuwa mtu wa kusoma maandishi kwa makini. Alijua kwamba siku moja kuna atakayeyashika.

Ndipo akatazama kusini.

Mwaka huohuo wa 1923 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walikuwa wamekabidhiwa serikali yao wenyewe. Kule kulikuwa na dola ya walowezi iliyosimama. Huku Kenya kulikuwa na walowezi wachache wanaotazama juu kila London inapopiga chafya. Kati yao ipo Tanganyika, na Tanganyika ilikuwa tatizo. Haikuwa koloni. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Jumuiya ya Mataifa, iliyokabidhiwa Uingereza baada ya Wajerumani kushindwa vitani, na masharti ya udhamini yalimtaka mdhamini aijibie mbele ya Jumuiya hiyo huko Geneva. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, isimamiwe kwa manufaa ya wenyeji, na hati ya kuimiliki isizidi miaka 99. Linganisha 99 na 999 za Kenya, utaona kwa nini Delamere hakulala.

Hivyo hesabu yake ilikuwa hii: wakipatikana walowezi wa kutosha katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, wakashikana mikono na wenzao wa Kenya upande mmoja na wa Rhodesia upande wa pili, hakuna Geneva wala London itakayowatenganisha. Mlowezi wa Iringa angekuwa nguzo ya daraja. Alianzisha kampuni ya kuwasaidia walowezi wa Kiingereza kuja kupata mashamba katika nyanda hizi, ikaitwa Colonists Limited, na akaiwekea fedha ambazo kwa kweli hakuwa nazo.

Aliikuta Iringa ya namna gani? Nchi hii haikuwa tupu kama alivyodhani Njoro kuwa tupu. Wajerumani walishindwa vibaya Lugalo mwaka 1891, wakarudi na mizinga wakaivunja Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akawasumbua porini hadi 1898 alipojiua Mlambalasi ili asishikwe. Kutoka Mlambalasi hadi mkutano wa Tukuyu ni miaka 27 tu. Wanaume waliorusha mikuki Lugalo wakiwa vijana walikuwa wazee wa makamo, wakikaa Kalenga, wakikaa Idodi na Pawaga, wakikaa Dabaga. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Ni watu wangapi duniani ambao kichwa cha mtawala wao kiliandikiwa kifungu katika mkataba wa kumaliza vita kuu? Mgeni aliyekuja kupima mashamba alikuwa akitembea juu ya kumbukumbu hiyo.

Si nchi yote waliyoitamani. Mlowezi alitafuta mwinuko: Dabaga, Mufindi, Sao Hill, Njombe, miteremko ya Mbeya. Ukishuka magharibi ya mji wa Iringa, ukapita Kalenga na kuteremka hadi Idodi na Tungamalenga, joto linapanda na ardhi inakuwa ya mibuyu na miiba. Ng'ambo ya huko Wajerumani walikuwa wametenga pori la wanyama, lililoitwa Saba, mwaka 1910, ambalo sehemu yake ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ya leo. Bondeni hakukuwa na shamba la ngano la kumvutia lodi yeyote. Lakini bonde hilo lilikuwa na watu, na katika mipango ya walowezi watu walikuwa sehemu ya thamani ya ardhi. Mashamba ya milimani yangehitaji vibarua, na hoja ya tume ya 1912 ilikuwa tayari imeeleza vibarua hupatikanaje.

Mkutano wa Tukuyu ulipitisha maazimio juu ya ushirikiano wa walowezi wa nchi hizo, juu ya njia za mawasiliano, juu ya ardhi na uwekezaji, na juu ya siasa ya kuwatawala Waafrika. Ukafuatiwa na mkutano wa Livingstone mwaka 1926 na wa Nairobi mwaka 1927. Ukiitazama mikutano yote mitatu, wa Tukuyu ulikuwa jaribio la kwanza la watu wasio na serikali kuipangia nusu ya bara serikali. Walikaa kama bunge, wakajadili kama bunge, wakaamua kama bunge. Wanyakyusa waliokuwa wakipita na mikungu yao ya ndizi kwenda sokoni hawakuwa na mjumbe hata mmoja humo.

Wakati huo kulikuwa na waziri wa makoloni aliyewaunga mkono, Leopold Amery, na gavana mpya wa Kenya, Edward Grigg, aliyeletwa mwaka 1925 akiwa na matumaini ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilionekana Delamere anakaribia kushinda. Aliyemzuia alikuwa gavana wa Tanganyika mwenyewe.

Donald Cameron aliingia Dar es Salaam mwaka 1925 akitokea Nigeria. Hakuwa mpigania uhuru wa Mwafrika. Alikuwa mtawala wa kikoloni kamili. Ila aliamini kwamba Uingereza ilikabidhiwa nchi hii kwa masharti, na kwamba kuitawala kupitia machifu ni rahisi na salama kuliko kuwakabidhi walowezi wachache. Mwaka 1926 alitunga sheria ya mamlaka za wenyeji. Huku kwetu, katika miaka hiyohiyo, utawala wa Uhehe ulirudishwa kwa ukoo wa Mkwawa, akawekwa Sapi, mwana wa yule aliyekufa Mlambalasi. Sitaki kuupamba utaratibu huo, kwani ulikuwa na shida zake, na machifu wengi waligeuzwa kuwa wakusanya kodi. Lakini kwa hoja ya Delamere ulikuwa ukuta. Kila mahali alipotaka kuweka mlowezi kuwa mtu wa kusemea nchi, Cameron alikuwa amekwisha kuweka mtu mwingine.

Cameron alianzisha pia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililokaa kwa mara ya kwanza Desemba 1926. Wajumbe wasio watumishi wa serikali walikuwa 7: Wazungu 5 na Waasia 2, wote wa kuteuliwa. Hakukuwa na uchaguzi wa kumpa mlowezi wa Iringa kiti kama alivyopewa mwenzake wa Nakuru, na hakukuwa na Mwafrika. Mlango wa nyanda za juu aliufungua kidogo kwa walowezi, kwa maeneo na kwa masharti. Walioingia kwa wingi wakawa si wale Delamere aliowakusudia. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, wakanunua mashamba Mufindi, Dabaga na kwingineko, na kufikia miaka ya 1930 katika nyanda hizi walikuwa wengi kuliko Waingereza. Nguzo ya daraja la Kiingereza ilikuwa inajengwa na Wajerumani.

Na ardhi, kama Njoro, ilikuwa na maneno yake. Tatizo la Iringa lilikuwa umbali. Reli ya Kati inapita Dodoma; kutoka hapo hadi Iringa, na zaidi hadi Mbeya, mazao yalikuwa yapite barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza tope. Walowezi walidai reli ya kuwaunganisha na Rhodesia ya Kaskazini, vipimo vikafanywa, reli haikujengwa. Ilikuja kujengwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa China, na serikali mbili za Waafrika, Tanzania na Zambia, nayo ikapita Makambako na Mbeya.

London ilituma tume ya Hilton Young, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1928 na kutoa ripoti mwaka 1929. Walio wengi katika tume hawakukubali kuwakabidhi walowezi utawala. Mwaka huohuo chama cha Labour kilishika serikali Uingereza, na waziri wake wa makoloni, Lodi Passfield, akayarudia kwa nguvu maneno ya 1923. Delamere, aliyekuwa na umri wa miaka 60 na moyo mbovu, akaenda London kupinga. Hakufua dafu.

Mwaka 1931 kamati ya pamoja ya bunge la Uingereza ikakaa kulijadili suala zima la muungano, na kwa mara ya kwanza Waafrika wakaitwa kutoa ushahidi. Kutoka Kenya alikuwemo Koinange wa Mbiyu, kutoka Uganda Serwano Kulubya, kutoka Tanganyika Francis Lwamgira wa Bukoba na Chifu Makwaia wa Shinyanga. Walisafiri kwa meli majuma kadhaa, wakaketi mbele ya mabwana wale, wakasema kwamba watu wao hawautaki muungano wa walowezi. Mimi naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko maazimio yote ya mikutano ya Tukuyu, Livingstone na Nairobi. Kamati ikashauri muungano usifanywe.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Hesabu zake zilipofunguliwa ilionekana anadaiwa na mabenki karibu pauni nusu milioni, fedha ambazo kwa wakati ule zilitosha kuendesha idara kadhaa za serikali. Alikuwa amekopa kwa ajili ya kondoo, kwa ajili ya ngano, na kwa ajili ya siasa, na katika vitabu vyake hizo tatu hazikutenganishwa vizuri. Nairobi ikamsimamishia sanamu katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Baada ya uhuru sanamu ikaondolewa, na barabara ikaitwa Kenyatta.

Huku kusini ndoto iliendelea kwa jina jingine. Katika miaka ya 1930 Lodi Chesham alianzisha mpango wa kuwaleta walowezi wa Kiingereza Mufindi. Vita ya pili ikaja, Wajerumani wakakamatwa mwaka 1939 na mashamba yao yakachukuliwa, na chai ya Mufindi ikaangukia mikononi mwa makampuni makubwa. Chesham alifariki mwaka 1952. Mjane wake, Lady Marion Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa, alibaki nchini, na yeye akafanya jambo ambalo Delamere asingeliamini.

Mwaka 1958 Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza. Ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura, wa rangi yoyote, alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU, chama cha Julius Nyerere, ilikuwa imekubali kwa shida kuingia katika uchaguzi huo, kwenye mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958. Upande wa pili kulikuwa na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining, kikiwa na wafuasi kati ya walowezi wa nyanda hizi. Lady Chesham, mjane wa lodi na mwenye shamba Mufindi, alisimama Nyanda za Juu Kusini akiungwa mkono na TANU, akashinda. Mjumbe wa Kiafrika wa jimbo hilohilo alikuwa John Mwakangale. Mzungu wa Iringa aliingia barazani hatimaye kwa kura, kama Delamere alivyotaka, lakini kura zenyewe zilikuwa za wafuasi wa Nyerere.

Waafrika wa kwanza walikuwa wameingia katika Baraza hilo mwaka 1945 kwa kuteuliwa, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia. Kidaha ni mtoto wa yule Makwaia aliyepanda meli mwaka 1931.

Januari 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, Nelson Mandela alitua Mbeya akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi alivyokaa katika hoteli moja ya hapo, akaona Weusi na Weupe wamekaa pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao. Mbunge John Mwakangale alikuwa amekwisha kumwulizia hapo, na Mwafrika mmoja aliyekuwa mgeni wa hoteli akamwuliza mwanamke wa Kizungu wa mapokezi kama Mwakangale alimtafuta Mandela. Mwanamke akaomba radhi kwamba alisahau kumwambia. Mwafrika yule akamwonya kwa utulivu awe mwangalifu na wageni wao. Mandela anasema hapo ndipo alipojua kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Kutoka Mbeya akaenda Dar es Salaam kuonana na Nyerere.

Mwaka huohuo Spika wa Bunge, mfanyabiashara Abdulkarim Karimjee, aliachia kiti. Aliyekikalia baada yake alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga, mjukuu wa Mkwawa. Aliongoza Bunge hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994.